Vilivyoliwa na Zulia

Sisi tunaounganisha vigari na vindege vya plastiki tuna adui mmoja, naye ni zulia. Kipande kikichomoka kwenye kijikoleo, hugonga goti, huruka, kisha hupotea duniani. Utapiga magoti na tochi hadi chai ipoe na hutakiona. Ndiyo maana kule mtaa wa Section 58, nyumbani kwa mzee aliyetukaribisha kila Jumapili alasiri, tulikuwa na sheria. Aliyeangusha alipaza sauti, "Imeliwa!" na kila mtu aliganda alivyo. Hakuna kuinua mguu, hakuna kusogeza kiti. Nimewahi kuganda na kikombe mdomoni hadi shingo ikaniuma, kwa sababu ya taa ya nyuma ya pikapu isiyozidi punje ya mtama.

Tulikuwa watatu. Mzee mwenyewe, fundi wa simu aliyestaafu, alipenda ndege za zamani, zile za mabawa mawili yaliyofungwa kwa nyaya. Mchungaji wa kanisa dogo la mtaa alihubiri amani asubuhi na kupaka rangi ndege za kivita mchana. Nilimtania kwa hilo hadi nikachoka mimi. Nami ninatengeneza meno bandia kwa riziki na magari kwa raha. Nayapenda magari yaliyochakazwa na barabara zetu, na huyachafua kwa udongo wa kweli niliouchekecha kwa soksi ya nailoni: mwekundu kutoka Subukia, mweupe kutoka kando ya ziwa. Ukiniambia vumbi ni vumbi tu, tutakosana. Mchungaji aliniambia hivyo kila wiki, makusudi.

Wa nne hakuwahi kugusa gundi. Alikuwa mke wa mzee, na alituita watoto wenye mvi. "Kapeti yangu si gereji," alikuwa akisema akipita na birika. Lakini Jumatatu alipofagia, alipekua vumbi lote kwa vidole kabla ya kulimwaga. Alichokipata alikiosha kwa sabuni ya kipande ndani ya chujio la chai, akaligonga chujio mara mbili kwenye sinki kukung'uta maji, kisha akakiweka kwenye kisahani chenye ukingo wa buluu juu ya kabati la vyombo. Jumapili tulikimbilia kisahani hata kabla ya salamu, naye akatugombeza kwa kukosa adabu.

Alifariki mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Katika siku chache alizolazwa hospitali, mzee alikuwa amebakiza propela tu kwenye ndege bora kuliko zote alizowahi kuunganisha. Siku moja, kabla ya saa ya kwenda kumwona mgonjwa, alikaa ili aibandike, na propela ikadondoka. Aliniambia kwamba alipaza sauti "Imeliwa!" peke yake pale sebuleni, kwa mazoea, akaganda. Simu ya hospitali ilipolia alikuwa bado ameganda.

Baada ya mazishi tuliendelea kwenda. Hatukujua njia nyingine ya kumfariji zaidi ya kubishana mbele yake kuhusu rangi. Jumapili moja niliinua macho, nikaona kitu kwenye kisahani. Kilikuwa kioo cha pembeni cha gari langu, kilichopotea zamani hadi nikawa nimechonga kingine. Nilikichukua. Kilikuwa kimelowa, na kilinukia sabuni ya kipande.

"Mzee, nani ameosha hii kitu?"

"Si mimi," akajibu bila kugeuka. "Mimi huko jikoni siendi."

Nilikwenda kuangalia. Kweli, sufuria zilikuwa zimeota ukungu na sinki lilikuwa limefunikwa na vumbi. Mzee alikuwa akila mkate na maziwa ya pakiti. Kitu safi kilikuwa kimoja tu, chujio la chai kwenye msumari wake, likidondosha maji.

Mimi si mtu wa mapepo. Nashinda na taya za watu mezani na sijawahi kuota hata moja. Kwa hiyo nilikasirika. Nilimvuta mchungaji hadi getini, nikamwambia kwamba mzaha wa aina hiyo kwa mfiwa ni dhambi, na yeye ndiye angepaswa kujua hivyo.

"Aki ya Mungu si mimi," alisema, uso umempauka. "Mimi nilidhani ni wewe. Umeona vile nimehamisha kiti? Siwezi kukaa nikipea hiyo kabati mgongo."

Vitu viliendelea kurudi: gurudumu la lori, bunduki ya ndege ya mchungaji, usukani mdogo kuliko ukucha. Vyote vilikuja vimelowa. Tuliendelea kupiga soga, lakini kwa sauti za chini, na utani ulikuwa ukikatika katikati. Alasiri moja, tukiwa watatu mezani na mlango wa jikoni umefungwa, tulisikia chujio likigongwa kwenye sinki. Ko, ko. Tuliganda sote, ingawa hakuna aliyekuwa ameangusha kitu. Mchungaji alianza zaburi, akaisahau kwenye mstari wa pili. Mzee pekee alitabasamu, akaendelea kuchovya brashi yake.

Niliogopa, sikatai. Lakini kilichonitisha zaidi ni mkanda wa mzee, ambao alikuwa ameutoboa matundu mapya kwa msumari. Alikuwa anaisha. Binti yake, anayefuga ng'ombe wa maziwa kule Kabazi, alikuja mara kwa mara kumchukua, na kila mara jibu lilikuwa moja.

"Siendi. Propela bado haijarudi."

"Baba, nitakununulia nyingine."

"Nyingine ya nini? Mama yako anatafuta hiyo."

Binti alinifuata nje akilia. "Anti, huyu mzee ataniangukia hapa ndani na hakuna mtu atajua. Ongea na yeye, si anakusikiza?"

Hanisikilizi hata kidogo. Lakini mikono yangu inajua kazi. Nilikwenda kwenye meza yangu ya meno, nikapima kwa picha za ndege yake, nikamimina ile dawa tunayofinyangia meno bandia, nikachonga propela ya pande mbili. Niliilainisha, nikaipaka rangi ya mbao, nikachora hata mishipa ya mti. Nilijisifu, nani angenizuia? Jumapili binti alipokuja na pikapu ya maziwa akiwa amenuia kutoondoka bila baba yake, niliichovya propela katika maji ya sabuni, nikaitia kwenye kisahani wakati mchungaji akimwonyesha mzee ndege yake dirishani.

"Mzee," nikaita, "hebu ona kisahani."

Alikuja polepole. Aliiinua kwa vidole viwili, akaitazama, kisha akaipeleka puani.

"Daktari," akaniambia, "hii propela inanuka meno."

Akacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu msiba. Mimi nilitamani zulia lile linile mzima mzima. Ile dawa huacha harufu kali kwa siku nyingi. Naishi nayo hadi siisikii tena. Ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya.

Kisha mzee akatia mkono mfuko wa shati, akatoa leso, akaifungua. Ndani kulikuwa na propela. Niliitambua kwa jeraha la wembe kwenye ncha, alilolifanya yeye mwenyewe siku alipoikata kutoka kwenye fremu ya plastiki iliyokuja nayo.

"Ilirudi kitambo," akasema.

Binti alikuwa mlangoni na mfuko wa nguo za baba yake mkononi. "Kitambo? Na mbona ukaniambia bado?"

"Kwa sababu ndiyo ilikuwa imebaki. Nimehesabu vyote. Nikiibandika, mama yako hana kitu tena cha kunitafutia."

Mzee alinyoosha mkono juu ya zulia, akafungua vidole.

"Imeliwa," akasema kwa upole.

Tuliganda sote, binti pia na mfuko wake, kwani alikulia katika sheria ile. Nilitega sikio niisikie ikigonga, ikiruka. Sikusikia kitu. Baadaye mchungaji aliniambia naye hakusikia.

"Sasa twendeni," mzee akasema. "Lakini kapeti inakuja. Na msiikung'ute."

Tuliikunja kwa uangalifu, tukaibeba watu watatu kama mgonjwa, tukaipakia kati ya mitungi ya maziwa. Hakuna kilichodondoka. Kisahani alikishika mwenyewe mapajani hadi Kabazi.

Siku hizi tunakwenda huko Jumapili baada ya ibada, na mzee amenenepa kwa maziwa ya binti yake. Ndege inakaa dirishani ikitazama shamba la viazi, haina propela. Yangu ameipachika kwenye kofia yake ya sufu, akisema ni beji ya rubani wa meno. Ubishi wa udongo umerudi kwa sauti yake ya zamani. Matope ya Kabazi yamenipa rangi mpya kabisa, na mchungaji anaapa ni ile ile ya Subukia.

Jumapili iliyopita tulimkuta binti ndiyo kwanza anaingia kutoka zizini na ndoo mkononi. Mzee alikuwa bado kwenye usingizi wa mchana chumbani kwake. Binti alipita jikoni akawashe moto, kisha akatokea mlangoni akiwa ameshika chujio la chai.

"Anti, ni nyinyi mmetumia hii? Mbona imelowa?"

Nilimdanganya kwamba ndiyo, ni mimi. Kisha nikatazama juu ya kabati la sebuleni. Kisahani kilikuwa kitupu, propela bado haijarudi, na niligundua kwamba nimefurahi. Nilivua viatu, nikakaa kwenye kiti cha pembeni, nikakunja miguu nisikanyage zulia lile.