Ugali Usioungua na Safari ya Nansio

Juzi nilikuwa kwenye kikao ofisini, pale Nyamagana. Kijana mmoja mgeni kazini akaipinga taarifa ya mwenzake kwa Kiingereza, akasema ina "hasty conclusion", yaani mtu ameamua kabla hajafikiri vizuri. Wote wakamgeukia. Mimi nikashikwa na kicheko mpaka nikajifanya nimepaliwa na chai. Wewe unanijua, sina tabia ya kucheka vikaoni. Lakini maneno yale mawili yalinirudisha Pasiansi, kwenye dagaa wa bibi.

Nilikuwa kidato cha pili, naishi na bibi karibu na ziwa. Nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kugeuza dagaa walioanikwa na kufukuza ndege, na nguo zangu zote, hata ile ya kanisani, zilinuka dagaa. Mwaka ule mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa anatuandaa kwa mdahalo. Alitufundisha kwamba kila neno la Kiingereza lina rafiki yake. Uamuzi wa haraka ni "hasty conclusion", hoja dhaifu ni "weak argument". Ukisema "sick argument", yaani hoja mgonjwa, Mwingereza atakuelewa, ila atakucheka kama wewe unavyoweza kumcheka mtu anayekula uji kwa dagaa. Hoja inayozunguka na kurudi ilikoanzia ni "circular reasoning". Nilikuwa nayaimba maneno hayo huku nageuza dagaa.

Mdahalo wenyewe ulikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe. Sikuwahi kupanda meli, na niliitamani safari ile kuliko Krismasi. Bibi akakataa.

"Mtoto wa jirani alipanda meli, akarudi na mafua," alisema. "Meli zina mafua."

Hasty conclusion, nikasema moyoni. Nikambembeleza kwamba mimi sijawahi hata kufika huko.

"Hujawahi kwenda kwa sababu siyo pa kwenda. Na siyo pa kwenda kwa sababu hujawahi kwenda."

Circular reasoning ya kuchora ubaoni. Unadhani ilinisaidia? Nilijua jina la kila kosa lake, na ruhusa sikupata.

Jioni ya mwisho kabla mwalimu hajapeleka majina, nilisonga ugali huku nimenuna. Bibi akala, akanawa mikono, akakaa anaitazama sufuria.

"Ugali wako haujaungua."

"Haujaungua, bibi."

"Mtu ambaye ugali wake hauungui hawezi kuzama ziwani. Kesho mwambie mwalimu unaenda."

Jina la hoja ile nilikuwa nalo ulimini kabisa. Nikalimeza, nikasema asante, nikatoka uani kucheza peke yangu mpaka mbwa akashangaa.

Alinifungia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, tukavitafuna melini huku tunaimba na upepo unatupiga usoni. Mdahalo tulishindwa. Nilirudi na mafua, na bibi aliponisikia napiga chafya alifurahi wiki nzima.

Siku hizi pale tulipoanika dagaa kuna ukuta wa hoteli, na bibi hayupo. Nadhani alikuwa ameshaamua niende, akawa anatafuta sababu tu. Jioni ile baada ya kikao nilisonga ugali, nikapakua, nikaitazama sufuria. Haukuungua. Nikacheka tena, halafu nikakumbuka kwamba hakuna wa kuniambia sasa ninaweza kwenda wapi.