Mizizi ya Siala Mpakani

Baba alipofariki, mwishoni mwa miaka ya themanini, mdogo wake hakungoja hata matanga yaishe. Alifunga ng'ombe kwenye plau, akailima njia ya mifugo iliyotenganisha shamba lake na letu pale Pap Onditi, kisha akaendelea hatua ishirini ndani ya mtama wa mama. Mama alipolalamika, akaambiwa hapo hapakuwahi kuwa na njia, na kwamba mti wa siala uliosimama pale aliupanda yeye, katikati ya shamba lake. Siala ile baba aliipanda mpakani, ukingoni mwa njia upande wetu, kama wanavyofanya watu wote wa kwetu. Lakini shahidi alikuwa ameshazikwa.

Mimi nilikuwa Kisumu, kibarua wa kuchimba mitaro ya mabomba ya maji. Kila niliposhika sururu nilimfikiria baba mdogo, na sururu ikashuka vizuri zaidi. Sikuwa na haraka naye.

Silaha niliipata mitaroni humo. Mti ukiota kando ya barabara, mizizi ya upande wa udongo laini hukimbia mbali, myembamba, imenyooka. Ya upande wa barabara hukuta ardhi iliyoshindiliwa, ikashindwa kupenya. Basi hunenepa, hubaki mifupi, hupiga kona na kurudi ilikotoka. Nikakumbuka kwato za ng'ombe zilivyoikanyaga ile njia miaka nenda miaka rudi. Plau huparua juu tu. Kule chini baba mdogo hakugusa kitu.

Kiangazi nikarudi nyumbani, nikawaita wazee wa mipaka. Baba mdogo alikuja amevaa koti, anatabasamu.

"Chimba mpaka uchoke, kijana yangu," akasema. "Hii mti nilipanda mimi."

Nikachimba pande zote mbili. Upande wetu mizizi ilikuwa imenyooka. Upande wake ilikuwa imevimba na kupinda kama viwiko, yote imegeukia kwetu. Mzee mmoja akashuka shimoni, akaipapasa.

"Hii ilikuwa inagonga kitu ngumu," akasema. "Bwana, ng'ombe ilikuwa inapita hapa. Rudisha shamba ya huyu mama."

Tabasamu likamwisha baba mdogo. Niseme ukweli, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Akaniomba nifukie basi, mti usije ukaanguka. Nikakataa katakata. Nilitaka kila aendaye sokoni auone uongo wake. Shimo likakaa wazi kiangazi kizima, watu wakachungulia na kucheka, naye akaanza kwenda sokoni kwa kuzunguka nyuma. Hata hapo sikutosheka.

Mvua ya kwanza ilikuja na upepo mkali kutoka ziwani, na siala ikaanguka. Asubuhi nilimkuta mama amesimama kando yake, ndani ya shamba lake lililorudi. Hakunitazama.

"Shamba nimepata, asante," akasema. "Lakini huu mti baba yako alipanda mwaka wewe ulizaliwa. Hata yule mwizi hakuuangusha."