Kipini cha Ulimi na Tundu la Bibi

Bibi yangu mzaa mama alitobolewa mdomo wa juu angali msichana, huko Newala, akavalishwa ndonya, kile kipande cha mpingo walichokivaa wanawake wa Kimakonde wa zamani. Nilipopata akili alikuwa ameshakivua. Lilibaki tundu. Akiwa mbele za watu huziba mdomo kwa upindo wa khanga, na sisi wajukuu tulijua kutomkodolea macho.

Mimi nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja, Masasi mjini, na nilitaka kipini cha ulimi. Sina sababu ya maana ya kutoa. Nilikiona kwenye simu, nikakipenda, basi. Mwenzangu wa saluni, aliyekuwa akitoboa watu masikio na pua, alikubali papo hapo. Sindano aliifungua mpya mbele yangu, hapo simlaumu. Kipini ndicho alichokosea: alichagua kifupi, kilichobana vizuri. Nilijitazama kwenye kioo, na nilipendeza, nisiwe mnafiki.

Kesho yake ulimi ulijaa. Maneno hayatoki, mate ndiyo yanatoka. Mteja alinisalimia nikamjibu kitu ambacho hata mimi sikukielewa. Nikaona heri nikajifiche kwa Bibi, nikapanda gari la Newala.

Shikamoo yangu ilitoka imepondeka. Bibi aliitikia, akanishika kidevu, akaniambia nifungue mdomo. Nilitegemea kusemwa mpaka jioni. Badala yake uso ulimchangamka, kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua.

"Usikitoe," alisema. "Ukikitoa sasa, umeumia bure."

Ndivyo walivyofanya wao enzi za ndonya. Mdomo ukivimba, msichana anakaa ndani, haongei, analishwa uji uliopoa, na kijiti kilichopitishwa tunduni hakitoki mpaka kidonda kikauke. Kisha kinafuata kijiti kinene zaidi. Bibi akanilaza kitandani kwake, akanikataza kuzungumza, akanipikia uji wa mtama na kunilisha kwa kijiko. Alikuwa mpole kuliko nilivyowahi kumwona. Nilimwamini, maana katika ukoo mzima nani mwingine alikuwa amepita njia hiyo?

Ila mdomo una nafasi ya kuvimbia nje. Ulimi hauna, unarudi nyuma kooni. Asubuhi iliyofuata kigololi cha juu cha kile kipini hakikuonekana tena, nyama ilikuwa imekimeza. Mate hayapiti, na nikilala chali pumzi inagoma. Nilimshika Bibi mkono nikamwonyesha koo. Niliogopa kufa, tena kwa ajili ya urembo. Alinitazama mara moja tu, akajitanda khanga, akatoka kutafuta bodaboda. Tulipanda mshikaki, mimi katikati, Bibi nyuma yangu akinikumbatia tumbo mpaka hospitali.

Daktari wa meno alikuwa kijana. Alimwamkia Bibi kwanza, akanichoma sindano ya ganzi, akakichomoa kipini taratibu. Hakunigombeza. Alinipa kioo kidogo, akaniambia nijikaze niinue ncha ya ulimi nijionee. Chini yake, huku na huku ya kile kiutando kinachoushikilia, ilipita mishipa ya damu, minene, ya buluu. Sikuwahi kuiona maishani, na ulimi ni wangu.

"Aliyekutoboa alipita katikati, una bahati," alisema. "Angekwenda pembeni kidogo, damu ingetusumbua."

Akaeleza kwamba ulimi ni misuli mitupu, imesukwa kama mkeka, mingine kwa urefu, mingine kwa upana, mingine ya kushuka chini, na damu imejaa humo. Ndiyo maana huvimba upesi. Kipini cha kwanza lazima kiwe kirefu ili uvimbe upate pa kwenda, na kifupi kifuate baadaye. Bibi alikuwa kwenye benchi, anasikiliza kila neno. Nilijua anachofikiria, kwa sababu usiku kucha alinilinda nisikitoe.

Daktari alipomaliza kuandika dawa, Bibi aliuliza, "Mwanangu, hilo tundu lake litaziba?"

"Litaziba, bibi. Ulimi hupona haraka. Hata kovu utalitafuta usilione."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Upindo wa khanga ulikuwa umemteleza mdomoni na hakuurudisha. Kijana wa watu akaliona tundu, akainamisha macho kwenye karatasi zake.

"Na mimi nilipovua ndonya, tundu langu nililingoja lizibe," Bibi alisema. "Kila asubuhi nalipima kwa kidole."

Nilitaka kumwambia kwamba ni mzuri, kwamba tangu utotoni sijaona kasoro usoni mwake. Nilifungua mdomo, lakini ulimi wangu bado ulikuwa umekufa ganzi.