Deki ya Bibi na Sauti ya Baba

Deki ilivuta diski, ikanguruma kidogo, kisha ikaitema. Kwenye televisheni yakabaki maandishi yaleyale: diski haisomeki.

"Bado?" Bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Bado kidogo, Bibi."

Karani aliirudisha diski kwenye kompyuta. Asubuhi ya upasuaji, Baba alimwomba amrekodi kwa simu. Madaktari walikuwa wanamtoa kisanduku cha sauti; baada ya hapo asingesema tena. "Mama asizisikie habari hizi kwa watu," alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Kioo cha simu hakioni, umwekee kwenye deki yake."

Tangu siku hiyo mtu aliyezoea kumpigia mama yake kila jioni hakupiga tena. Karani alikuwa akisingizia mtandao, mara chaji, na uongo ulikuwa unamwishia. Leo Bibi alikuwa ameomba viatu vyake, aende mwenyewe kumtafuta mwanawe.

Mdogo wake Karani, mpiga picha za harusi, aliingia na begi lake la kamera akainama kwenye kompyuta.

"Dada, hili faili umelifanya nini?"

"Deki inataka aina nyingine. Nikafuta zile herufi za mwisho za jina, nikaandika zinazotakiwa."

Mdogo mtu aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa ajili ya Bibi. "Jamani! Umelipa jina jipya tu, pua ni ileile."

Karani hakucheka. Masjala alikofanya kazi miaka yote, ukibadilisha jina juu ya jalada, jalada limehama kabati, limekuwa la mtu mwingine. "Nimeliharibu? Kwenye simu nilishafuta."

"Ulifuta?"

Wakatazamana. Mdogo mtu aliacha utani, akarudisha jina la zamani, akabonyeza. Baba akatokea, akakohoa, akaanza kusema. Karani aliketi chini sakafuni. Walitoa nakala kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

"Faili halina kosa," mdogo mtu alisema. "Simu ni ya leo, deki ni ya enzi zile. Hawaelewani lugha. Ngoja tuligeuze."

Kompyuta ikachukua muda wake, feni ikivuma. Diski mpya ikaingia kwenye deki, na safari hii picha ikaja: Baba kwenye kiti cha wodini, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Akafungua mdomo. Kimya. Karani alipandisha sauti hadi mwisho. Midomo ya Baba ilicheza, akainua kidole kama anavyofanya akitania, na chumba kizima kikawa hakina hata mlio.

"Mbona namwona hasemi?" Bibi alisema. "Mwanangu ana nini?"

Karani alizima haraka, kama mtu aliyefunga mlango kwenye upepo. Ndivyo atakavyokuwa, aliwaza. Ndivyo hasa.

"Picha deki imeipokea, sauti imeigomea," mdogo mtu alinong'ona, mwenyewe sasa akitokwa na jasho. "Nilichagua vibaya. Sauti nayo inatakiwa ya kizamani."

Waligeuza tena. Diski ya mwisho iliyokuwemo ndani ya nyumba ikaingia. Deki ikanguruma, ikafikiri, ikanguruma.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba," Bibi aliiitikia televisheni.

Sauti ilichelewa kidogo nyuma ya midomo, lakini Bibi alikuwa amefumba macho. Baba alieleza yote, polepole, bila kuficha. Akamwambia asilie, akasema angalau sasa hatakoroma. Kisha rekodi ikaisha, picha ikaganda.

Karani hakuthubutu kugeuka. Alisikia shuka likikunjwa mikononi, likikunjuliwa.

"Masikio hawakuyagusa?" Bibi aliuliza hatimaye.

"Hawakuyagusa, Bibi. Anasikia vizuri."

"Basi nipigie."

Simu iliita, ikapokelewa. Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu, nzito, ya mtu aliyeshtuka. Bibi alijiinua kwenye mto.

"Ni mimi," alisema. "Tulia. Leo naongea mimi."