Zamu ya Dunguni kwa Mzee Kalisti

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, tumefika kwenye kahifadhi ketu kufyeka njia ya wageni, tukamkuta Mzee Kalisti kasimama kwenye matete, kiberiti mkononi. Nakuita mwanangu siyo kwamba nimekuzidi sana. Ni huu uchovu tu umenizeesha. Ninyi mliojiunga juzi mnadhani kujitolea ni kushika darubini na kupiga picha. Kaa hapo nikwambie.

Hayo matete ndiyo kila kitu chetu. Humo mnana wanasuka viota, na wageni wanatoka mbali kuja kumwona mnana wa bonde hili kwa sababu kwao hayupo. Yakiungua hatuna hifadhi, tuna kichaka cha kutupia chupa. Sasa upande wa pili wa mfereji ni mpunga wa Mzee Kalisti. Msimu ule ulikuwa ndiyo umeanza kuweka maziwa kwenye punje, na ndege kwelea wanaushukia kama wamealikwa. Wakishiba wanakwenda kupumzika kwenye matete yetu. Mzee kaamua achome, wakose pa kukaa.

Damu ikanichemka. Nikamwambia maneno ambayo mzee wa watu hakustahili, nikamtishia kumpeleka kwa mtendaji wa kijiji, wenzangu wananivuta shati. Yeye ananiangalia tu, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Kiongozi wetu alikuwa Mama Koleta, yule anayeuza maandazi stendi. Akanipita na panga lake kama hanioni. Akamwamkia mzee, akamuuliza habari za mama nyumbani. Ndipo tukasikia. Mkewe, aliyekuwa anaamia shamba lile, akifukuza ndege miaka yote, kateleza kwenye jaruba akavunjika nyonga. Watoto wako Mlimba na biashara zao. Dungu, kile kichanja cha juu anachokaa mlinzi wa mpunga, lilikuwa tupu. Na ule mpunga ndiyo chakula chao cha mwaka mzima, hawana kingine.

Mama Koleta akanigeukia. Wala hakunifokea.

"Sauti unayo," akasema. "Panda dunguni ukaifanyie kazi."

Nikamuuliza sisi watu wa kuangalia ndege tutakuwaje tena watu wa kufukuza ndege. Akaniuliza kwani huko juu nitafumba macho.

Nikapanda. We acha tu. Mimi nimekulia Lupiro, kuamia nimeamia tangu mdogo, lakini nilikuwa nimesahau. Jua linakuchoma kisogo, unapiga debe, unarusha madonge ya tope kwa kombeo, unapiga kelele, wakiinuka huku wanatua kule. Na niseme ukweli, hata mnana nao niliwaona wanadonoa. Iliniuma, maana ni ndege wangu wale, lakini wanadonoa. Mzee hakuwa anasingizia.

Jioni nikashuka. Mzee Kalisti alikuwa ameniwekea wali na perege.

"Vipi, sasa hunitukani?"

"Sauti sina, babu."

Nilinong'ona tu, ndiyo iliyobaki. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwomba radhi kwa sauti hiyohiyo mbovu. Kiberiti akakitia mfukoni. Hakukitupa, usije ukadhani. Alisema dungu likiwa na mtu, matete yatakaa. Siku akilikuta tupu, atajua la kufanya.

Basi ndiyo mpaka leo. Kila mpunga ukianza kuweka maziwa tunapanga zamu. Wengi wamekuja wakaondoka, walitaka darubini, hawakutaka debe, na wengine niliwafuata mpaka kwao nikawaambia ukweli wao. Mke wa mzee hakuweza kupanda tena. Mama Koleta magoti yamekataa ngazi, ila uji analeta mwenyewe, kwa miguu. Huyo mama siwezi kumwacha, na anayemsema vibaya hapa Ifakara aje anisemeshe mimi. Lakini nimechoka, mwanangu, sikufichi. Ndege hawachoki.

Kwa hiyo chukua hili. Kabla hujamwambia mtu awaache ndege, muulize nani anamlindia mpunga wake. Akikwambia hakuna, usimhubirie, vua viatu upande. Usiwapende ndege kwa chakula cha mwenzio. Na hasira ikikupanda kama inavyonipanda mimi, anza na shikamoo, uulize habari za nyumbani, usikilize mpaka mwisho. Mimi ningeuliza, nisingemtukana mtu ambaye mkewe yuko kitandani.

Kesho alfajiri zamu ni yako. Debe liko juu, kombeo nimelifunga kwenye nguzo. Mungu akukinge na mbu na jua la saa sita, akuinulie kwelea mapema, na ukishuka jioni akubakishie sauti kidogo ya kumwamkia mzee.