Breki za Toroli Langu

Miaka ile nilikuwa naamka nimechoka. Kabla motokaa hazijaja Mombasa, palikuwa na reli nyembamba iliyotoka Mji wa Kale mpaka Kilindini, na juu yake walipita watu kwa toroli: kiti cha mbao, kitambaa cha kivuli juu, magurudumu manne ya chuma chini, na wanaume wawili nyuma wakisukuma. Mmoja wa wanaume hao nilikuwa mimi.

Toroli lilikuwa la mfanyabiashara wa nguo niliyemsukuma miaka minane. Aliporudi kwao Shihiri, Uarabuni, aliniachia. "Hili litakulisha," alinambia. Alisema kweli, ila hakunambia kwamba nalo lataka kulishwa.

Kilichokula zaidi ni breki. Mlimani tulisukuma, mteremkoni tulirukia nyuma, mmoja akavuta mkono wa breki, na vipande viwili vya mti vikabana magurudumu. Vipande hivyo vilikuwa vikilika. Zamani mhunzi mmoja wa Kihindi, jirani na mtaa wa Kibokoni, ndiye aliyevibadilisha. Nami, kila alipofanya kazi, nilikaa kibarazani kwake nikasinzia. Sikutazama hata mara moja. Kisha mhunzi akaifuata kazi ya reli kubwa huko bara, asirudi.

Mwezi wa Shaabani breki zikaanza kulia. Mwenzangu wa kusukuma, mtu mzima wa Rabai aliyenizidi umri, alinisemesha tukiwa kwenye mteremko.

"Breki yalia."

"Nasikia."

"Wasikia, basi wafanyani?"

"Kesho nitaitazama."

Kesho ile ilipita, na nyingine zikaifuata. Nikifika nyumbani sikuwa na nguvu ya kuvua kofia, seuze kufungua nati. Mti ukaisha wote, kikabaki chuma cha kuushikia, kinasuguana na gurudumu.

Asubuhi moja akaja mkunga wa Kibokoni, bibi mwenye mwendo wa haraka, furushi lake kwapani. Alikuwa ameitwa kwenda Kilindini kuzalisha.

"Haraka, wanangu. Chupa imeshavunjika."

Tukasukuma mpaka jasho likatuingia machoni. Tulipofika mteremkoni tukaruka nyuma, nikavuta breki. Ikapiga ukelele hata watu wa njiani wakaziba masikio.

"Toroli lenu lalia kumshinda mzazi niendaye kumzalisha," akasema bibi.

Sikuweza kucheka. Nilivuta kwa mikono miwili, na toroli likazidi kukimbia. Mbele yetu toroli jingine lilikuwa limesimama, mzee mmoja anashuka polepole na bakora yake. Mwenzangu akaona nilichokiona. Aliruka chini, akashika mti wa nyuma, akakita visigino kwenye kokoto, akaburutwa. Nami nikaruka upande wa pili. Tulisimama pakiwa pamebaki urefu wa mkono. Yule mzee hakujua lolote. Alimaliza kushuka, akatoa salamu, akaenda zake.

Kisigino cha mwenzangu kilikuwa kimefunguka, nyama nyekundu, mchanga ndani. Mkunga alishuka, akachana upindo wa leso yake, akamfunga. Halafu akajitwika furushi, akaenda kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia. Mimi hakunitazama.

Nikamketisha mwenzangu kwenye kiti cha abiria. Hakupenda, miaka yote ile hakuwahi kukikalia. Nikalirudisha toroli peke yangu, mlima mzima, mpaka tukakaribia mjini.

"Kesho yako imefika," akasema.

Baada ya swala ya alasiri nikawaomba majirani waliokaa barazani wanisaidie kulibeba toroli mpaka mlangoni kwangu. Tukaliegemeza ukutani kwa ubavu. Wakanitakia kheri, wakarudi kwenye kahawa yao.

Nati zilikuwa zimeliwa na chumvi ya pwani. Nilizimwagia mafuta ya nazi, nikangoja, nikapiga nyundo, nikavuta spana mpaka ikaniteleza na kunichuna kiganja. Ya kwanza ilipolegea nilikuwa sina hamu ya ya pili, ila nikazifungua zote. Nikachukua ubao wa sanduku la chai, nikakata vipande viwili, nikavifunga, nikavuta mkono wa breki kwa nguvu zangu zote. Ubao ukapasuka kama mkate mkavu.

Nikakaa chini, kichwa magotini. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Aliingia ndani, akatoka na mchi, akauweka mbele yangu.

"Huu umetwanga miaka kumi na haujapasuka. Ukate."

"Na wewe utatwangia nini?"

"Mchi nitaazima kwa jirani. Wewe ukifa, mume nitaazima kwa nani?"

Mti wa mchi ule ulikuwa mgumu, msumeno ulipiga kelele na kutoa moshi. Nikapata vipande viwili. Sasa ikabidi kuvichonga kwa tezo, vibonyee ndani, vipate kulala juu ya mviringo wa gurudumu. Nilipovifunga mara ya kwanza vilikuwa vinene, gurudumu likagoma kuzunguka. Nikafungua, nikachonga. Mara ya pili cha kulia kilibana, cha kushoto hakikugusa. Nikafungua tena. Wakati huo nilimkumbuka mhunzi, jinsi alivyokuwa akipaka masizi kwenye gurudumu. Nilikuwa nikiona vidole vyake vyeusi katikati ya usingizi, nikidhani ni uchafu wa kazi tu. Nikatoa masizi chini ya sufuria, nikapaka, nikabana, nikafungua: palipoingia weusi kwenye mti ndipo palipozidi. Nikapachonga hapo. Nilifunga na kufungua mara tano.

Niliposikia adhana ya magharibi nilikuwa nakaza nati ya mwisho. Kata ya kutawadhia ikanidondoka mkononi. Mke wangu akanimiminia maji yeye mwenyewe.

Asubuhi mwenzangu akaja akichechemea, kafunga mguu kwa kitambaa kingine, safi.

"Nani amezitia?"

"Mimi."

Akainama, akazitazama, akazigonga kwa kidole. "Basi leo kwanza twapakia mawe. Watu baadaye."

Tukapakia mawe. Mteremkoni nikavuta breki, na toroli likapunguza mwendo polepole, bila ukelele, likasimama. Tukalisikia likitoa harufu ya mti ulioungua kidogo. Nilikuwa nimedhani nitafurahi. Nilichotaka ni kukaa tu, kama mtu aliyebebeshwa kitu mbali akakitua.

"Yashika," mwenzangu akasema, akaanza kushusha mawe.

Mtoto wa Kilindini alizaliwa salama, wa kike. Mkunga alimkuta kichwa kimeshatoka. Nilimwendea kwake kumwomba radhi. Alinipa uji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini kupanda, sipandi tena."

Na hakupanda. Tulipokutana njiani alitusalimu vizuri, akauliza habari za mguu, kisha akapanda toroli la watu wengine. Sikumlaumu.

Kisigino kilipona kikaacha kovu gumu, na siku za mvua mwenzangu alikanyagia vidole. Hakunitajia jambo lile hata siku moja, na huenda lingeniwia jepesi zaidi kama angenitukana. Tuliendelea kusukuma pamoja mpaka aliporudi kwao. Breki nilizibadilisha mara nyingi baada ya hapo, na kila mara kazi ilinichosha vilevile, ingawa mikono ilishajua njia. Nikimaliza mwenzangu aliinama, akazigonga kwa kidole, ndipo tukaenda kuchukua watu.