Kizibao cha Ndani

Ukimpelekea shangazi yangu suruali ya kupunguza kiuno, usitegemee ataipokea na kukuambia uifuate Ijumaa. Kwanza atakutazama usoni, akuulize kama unakula vizuri, kama unalala, na mara ya mwisho kumwona daktari ilikuwa lini. Wateja wengine hucheka. Mmoja aliwahi kumjibu, "Fundi, mimi nimeleta suruali, tumbo sikulileta," akaenda zake kwa fundi wa jirani. Shangazi hakumlaumu. Zamani na yeye alikuwa hivyo hivyo: nguo ikipwaya, anaipunguza, basi.

Baba yangu alikuwa mdogo wake wa pekee. Mama alipofariki, shangazi alihamia kwetu na cherehani yake, akaiweka chumba cha mbele penye dirisha la barabarani, na tangu siku hiyo tukawa tunakula katikati ya vipande vya vitambaa. Baba alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na watu walimwita Mita. Alizijua nyumba zote za kata yetu, mbwa wakali na wenye nyumba wakali kuliko mbwa. Aliijua pia mitaa ya juu, ambako hakuwa na mita ya kusoma kwa sababu bomba halikuwahi kufika. Jambo hilo lilimkera miaka nenda rudi, mpaka akaamua kugombea udiwani.

Mpinzani wake alikuwa mkandarasi tuliyemwita Pasi. Alikuwa mtu wa miraba minne, suti zake zimemkaa, na mstari wa suruali yake ungeweza kukata nyanya. Akishapanda jukwaani hakuwa na haja ya kusema mengi. Baba alikuwa na hesabu zote za mabomba kichwani, lakini shati lilimning'inia kama limeanikwa. Wiki za mwanzo za kampeni watu walimcheka waziwazi.

"Huyu atatuletea maji, au tumpe kwanza uji?" mama mmoja aliuliza mkutanoni, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Shangazi alirudi nyumbani amefura. "Wanachagua diwani au wanachagua ng'ombe wa kuchinja?"

"Dada, ndivyo watu walivyo," baba akasema. "Wewe mwenyewe ukimwona mtu kola imechakaa unasema ni mzembe."

"Mimi ni fundi. Kola ni kazi yangu."

"Basi ifanye."

Akaifanya. Alishona kizibao cha kuvaliwa ndani ya shati, cha pamba, chenye sponji nene mabegani na kifuani, na nyembamba ubavuni ili baba asionekane kabeba gunia. Juu yake akamvalisha shati na koti jipya la kijivu. Baba alipotoka chumbani nilipiga makofi, maana kweli alipendeza. Shangazi alimzungusha, akamvuta bega hili na lile, pini zikiwa mdomoni.

"Sasa watakusikiliza," alisema.

Na kweli walimsikiliza. Wateja wakawa wanakuja na habari: Mita kanawiri, Mita anaongea kama mtu aliyeshiba. Muuza mkaa wa mtaani kwetu, aliyeleta koti lake kuwekwa bitana, alisema mwanzoni alikuwa na wasiwasi naye. "Nilisema huyu hana afya ya kuibeba kazi yenyewe. Kumbe lilikuwa jua la mikutano tu." Shangazi alicheka peke yake hadi jioni. Aliniambia watu wazima wanadanganywa na sponji ya godoro.

Lakini kizibao kilianza kupwaya. Baba alikileta, shangazi akakibana kwa ndani na kuongeza sponji kwa nje, ili koti lisijue kilichotokea. Baada ya muda akakileta tena. Chakula alikigusa kidogo tu, akasema kashakula huko mikutanoni. "Ni mbio za kampeni," alisema, na shangazi akaitikia huku anatafuta uzi. Hakuna mtu aliyekuwa karibu na mwili wa baba kama yeye. Alimzungushia futi kifuani, akaona kipimo kinavyozidi kupungua, na akili yake yote ikawa kwenye mshono.

Baba alishinda. Kikao cha kwanza cha baraza alianguka kabla hajamaliza kuisema habari ya mitaa ya juu. Hospitalini, muuguzi alimfungua koti, akamfungua shati, akakiinua kizibao kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Ni kazi yangu," shangazi alijibu.

Daktari alisema ini lilikuwa na ugonjwa wa muda mrefu, na kwamba angefika mapema wangekuwa na la kufanya. Akatuuliza kama hatukuona anavyokonda. Hatukurudi naye nyumbani. Uchaguzi uliporudiwa Pasi alikichukua kiti bila jasho, na mitaa ya juu wakaendelea na ndoo zao.

Nimeshamwambia shangazi mara nyingi kwamba baba mwenyewe ndiye aliyetaka, na kwamba alitaka maji yafike.

"Mimi nilikuwa namtaka mdogo wangu," hunijibu. "Nilikasirika wanamtazama mwili badala ya kumsikiliza. Wale waliomcheka ndio waliomwona. Ningewaacha wacheke, angeshindwa, angekaa hapa ndani aumwe mbele ya macho yetu."

Na hata mimi nilipiga makofi.

Likizo moja, nikiwa bado mwanafunzi, nilikuwa natafuta zipu kwenye sanduku lake, nikakikuta kizibao chini kabisa, bado kimo kwenye mfuko wa hospitali. Nilikuwa mwembamba wakati huo, shangazi akiniita ufito. Nikakivaa nikitegemea nitaogelea ndani yake. Kilikuwa cha baba, mtu mzima, aliyenibeba mabegani. Vifungo vyote vilifunga, bila kubana na bila kulegea.

Shangazi aliingia akasimama mlangoni. Nilidhani atanigombeza. Akanisogelea, mkono ukaenda wenyewe begani, akalinyoosha, kisha akapitisha vidole ubavuni kwenye mshono, akitafuta panapopwaya. Hapakuwa popote. Akakaa chini, juu ya vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Alikuwa amebaki hivi tu," alisema alipoweza kusema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nampima."